Maswali na majibu: CD za nyumbani ziende kwenye faili la aina gani?

*Nina CD kama 120 za dansi na taarabu, nataka kuziingiza kwenye kompyuta. Nichague MP3, WAV au FLAC? — Msomaji, Mtwara mjini*

Chagua FLAC kwa kuhifadhi, kisha utengeneze MP3 za kusikiliza kutoka humo. CD hubeba sauti ya biti 16, ikipimwa mara 44,100 kwa sekunde, na WAV huichukua ilivyo: karibu MB 10 kwa dakika. FLAC huibana mpaka karibu nusu bila kupoteza chochote, na ukiifungua unapata sauti ile ile. MP3 hupungua zaidi kwa sababu hutupa sehemu ya sauti, na kilichotupwa hakirudi. WAV ina kasoro nyingine: jina la wimbo na la mwimbaji havikai vizuri ndani yake, na ukihamisha faili unabaki na "Track 07" zisizo na mwenyewe.

Kwa CD za saa moja, 120 zitakula takribani GB 40 kwa FLAC. Hata diski ndogo inatosha. Nunua mbili, na nakala ya pili ikae nyumba nyingine.

Jihadhari na Windows Media Player: mara nyingi yenyewe huchagua WMA, ambayo simu nyingi hazichezi. Badilisha kwenye mipangilio kabla ya CD ya kwanza.

*Tuna CD tulizochoma wenyewe, za harusi na ngoma za unyago. Baadhi zimeanza kukwama. Tufanyeje? — Mama, Mikindani*

Mama, hizo zitangulie, za dukani zisubiri. Ya dukani huenda mtu mwingine anayo, lakini sauti za bibi zenu hakuna pengine zilipo. CD ya kuchoma huhifadhi sauti kwenye rangi inayoharibiwa na jua na joto, na unyevu wa pwani nao haiupendi.

Ishike kwa kingo, uiangalie kwenye mwanga. Ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, sehemu hizo zimekwisha kupotea. Kama ni vumbi au alama za vidole, osha kwa maji safi na tone la sabuni ya maji, ufute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe, kwa maana mkwaruzo unaofuata mzunguko hukisumbua kisomeo cha CD kuliko unaokatiza. Dawa ya meno na petroli, hapana. Upande wenye maandishi uulinde zaidi: tabaka linalong'aa liko chini kidogo tu ya hayo maandishi, na likichunika hakuna fundi wa kulirudisha.

Tumia Exact Audio Copy, programu ya bure ya Windows, katika hali ya Secure. Husoma kila kipande zaidi ya mara moja mpaka majibu yalingane, kwa hiyo CD mbovu inaweza kuchukua saa nzima, iacheni. Chagueni pia kujaribu na kunakili: kila wimbo husomwa mara mbili, na namba mbili za ukaguzi, CRC, zikifanana mko salama. Programu ikisema CD haimo kwenye AccurateRip, hifadhidata ya mtandaoni, msishtuke. Hapo huingia matokeo ya watu wenye CD ile ile, na yenu ni ya nyumbani. Ikikwama kabisa, jaribuni kisomeo kingine cha CD. CD inayokishinda kimoja, kingine huweza kuisoma.

*Fundi ameniambia nikigeuza MP3 zangu kuwa FLAC zitasikika vizuri zaidi. Kweli? — Lindi*

Si kweli. Faili litanenepa, sauti itabaki ile ile. Rudi kwenye CD yenyewe.

*Redio ya gari haioni flashi yangu ya GB 64. — Dereva, Masasi*

Kaka, sababu kubwa ni mpangilio wa flashi. Za zaidi ya GB 32 kwa kawaida huja na exFAT, na redio nyingi za gari husoma FAT32 tu. Tumia ya GB 32 au chini, uifomati FAT32 baada ya kutoa vilivyomo, kwa kuwa kufomati hufuta kila kitu. Weka MP3 za kilobiti 320 kwa sekunde (320 kbps), maana redio nyingi hazijui FLAC. Majina yaanze na 01, 02, 03, na uzinakili kwa mfuatano huo; redio nyingine hucheza kwa mpangilio wa kunakiliwa, si wa majina.