Ada Ilipochelewa, Nilikaa Mkutanoni Bila Kura

Wiki iliyopita kijana mmoja msomaji wangu ameniandikia: "Shikamoo Mwalimu. Nimepata tuzo ya wanasayansi vijana ya URSI, nakwenda mkutano mkuu wa Krakow, Poland, 2026. Nijiandae vipi?" Nikamjibu mistari miwili: hongera sana, na nauli ianze kutafutwa leo. Usiku nikakosa usingizi, kwa sababu mistari miwili haitoshi kwa mambo yaliyonichukua miaka kuyajua.

Nanyi mnaosoma hapa najua mnaitaka njia hiyohiyo, kwa hiyo sitapoteza muda mwingi kueleza URSI: ni Umoja wa Kimataifa wa Sayansi ya Redio, unaokutanisha wanasayansi wa mawimbi ya redio wa nchi mbalimbali. Ulianzishwa 1919 mjini Brussels, rais wake wa kwanza akiwa Jenerali Gustave Ferrié, yule Mfaransa aliyeufanya Mnara wa Eiffel kuwa kituo cha redio. Leo sekretarieti iko Ghent, Ubelgiji, na kazi imegawanywa katika kamisheni kumi, yaani vikundi vya fani, A hadi K, herufi I ikiwa imerukwa. Mimi ni mtu wa G, watu wa ionosfia, tabaka la juu la angahewa linalorudisha mawimbi ya redio. Basi.

Mwaka 2014 nilikuwa na miaka 33, na tuzo hii ni ya walio chini ya 35, kwa hiyo niliiwahi mlangoni. Mkutano mkuu ulikuwa Beijing. Barua ilisema sitalipa kiingilio, na malazi na chakula nitasaidiwa. Niliisoma mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa kama mwenye njaa anayesoma orodha ya vyakula: sikuona kwamba neno nauli halimo. Nilipoligundua nikakimbilia ofisi ya uhasibu ya chuo nilichokuwa nafundisha, kuomba masurufu. Nikaambiwa faili liko mezani. Kesho yake liko mezani. Wiki ya tatu faili lilikuwa bado mezani, ila mwenye meza alikuwa likizo. Tikiti nilinunuliwa na shemeji, kwa mkopo, na hadi leo kwenye kila shughuli ya ukoo hunitambulisha kama "mwanasayansi wangu". Nacheka, lakini inauma.

Huko nako nikaumbuka. Watu kumi na watano chumbani, mimi na michoro yangu ya kupanda na kushuka kwa ionosfia kutwa nzima, nimelinganisha vipimo vya ionosonde, rada ya kupimia ionosfia, na modeli ya IRI, ile ya kimataifa ya kukadiria hali yake, nimejaa kiburi kwa jinsi nilivyoionyesha modeli ilipokosea. Mzee mmoja wa safu ya mbele akanyoosha mkono, akauliza taratibu: saa ya vipimo vyako ni ya dunia (UTC) au ya kituo? Ilikuwa ya kituo. Modeli niliiendesha kwa saa ya dunia. "Kosa" nililokuwa natangaza lilikuwa langu, limeteleza kwa saa kadhaa. Hakunicheka. Wakati wa chai alinitafuta, akatoa kalamu, tukarekebisha mchoro mmoja juu ya karatasi ya kufutia mikono. Karatasi ile ninayo. Kazi iliyotokana nayo ndiyo iliyonifikisha nilipo, na nasema hivi bila haya.

Miaka ya katikati naiacha. Ilikuwa ni kufundisha na kusahihisha.

Sasa niseme lile ambalo bado linanikaa kooni. Nilikuja kuteuliwa mjumbe wa nchi yetu kwenye Baraza la URSI, chombo kinachokaa wakati wa mkutano mkuu wa kila miaka mitatu. Niliingia nimevaa suti. Humo ndani ndimo viongozi wanamochaguliwa na bajeti ya miaka mitatu inamopitishwa: kiasi gani kiendeshe sekretarieti, kiasi gani kiende kwa kamisheni na mikutano yao, kiasi gani kwa wanasayansi vijana. Chanzo kikubwa cha fedha hizo ni ada za nchi wanachama, zinazolipwa kwa daraja ambalo kila nchi imejiwekea. Panapoguswa fedha, anayelipa daraja la juu kura yake ina uzito zaidi. Nilikuwa nimeandaa hoja ya kutetea fungu la vijana. Nikafungua jedwali la wanachama, nikaona jina letu kwenye safu ya malimbikizo, yaani ada hatujalipa. Kwa hiyo kura hatukuwa nayo. Nilikaa siku ile na hoja yangu mfukoni, nikitazama wenzangu wakiamua.

Niliporudi nikaanza kuchimba. Wizara ilikuwa tayari kulipa, na fedha ilitengwa. Ila ankara zilikuwa zikitumwa kwa katibu wa kamati yetu ya taifa, ile inayoiwakilisha nchi kwenye URSI, na katibu huyo alishastaafu. Nilizikuta kwenye kijisanduku chake cha barua, bahasha za miaka miwili, hazijafunguliwa, juu yake kuna kalenda ya zamani. Tukalipa. Fedha ikafika pungufu, kwa sababu benki za njiani zilikata chao na sisi hatukuandika kwamba makato ni ya mtumaji. Tukadaiwa tena kilichobaki!

Ndiyo maana nawaambia ndugu zangu: ulizeni habari za ada. Mtu anajua milinganyo ya Maxwell, ile ya umeme na sumaku, kwa moyo lakini hajui kama nchi yake imelipa. Tunapenda sana kulalamika kwamba wakubwa wanaamua peke yao, na ada hatulipi. Unataka vijana wa kwenu wapewe nafasi? Lipeni ada. Unataka masafa (frikwensi) ya astronomia ya redio yalindwe? IUCAF, kamati ambayo tangu 1960 inafanya kazi hiyo, huchangiwa na URSI pamoja na IAU, umoja wa wanaastronomia, na COSPAR, kamati ya utafiti wa anga za juu, na URSI fedha inaitoa wapi kama si kwetu? Ada, jamani. Ilipwe mapema, na makato yabebwe na mtumaji.

Na wewe kijana wa Krakow: uliza kwa maandishi kama lipo fungu la kuchangia nauli, maana mara nyingine huwa lipo dogo kwa wanaotoka nchi za kipato cha chini. Masurufu yaombwe sasa, na nakala ya kila karatasi ubaki nayo. Hakikisha saa ya data yako. Hudhuria kikao cha shughuli cha kamisheni yako hata kama kinachosha, kwa kuwa mle ndimo watakapokujua jina. Halafu kabla hujaondoka, iulize kamati ya taifa kama ada imelipwa.

Jana usiku amenijibu: "Asante Mwalimu. Kamati ya taifa ndiyo nini?"

Nimemwahidi namba ya katibu. Ila kwanza nitampigia mwenyewe, nijue kama naye hajastaafu.