Walimu wapya, filamu si yaya wa darasa

Muhula huu kila nikiingia kumkagua mwalimu wa mazoezi nakuta madirisha yamezibwa kwa kanga, projekta inawaka, filamu ya saa nzima na ushei inakwenda, na mwalimu mwenyewe yuko nyuma anajaza andalio la somo la kesho. Kipindi cha nini hiki? "Muziki, mwalimu, ndani ya Historia." Haya. Nakupendeni, wanangu, lakini hiyo ni sinema ya bure.

1. Kipande cha dakika nne kinatosha. Kiwekeni kwenye flashi tangu jana, maana intaneti ya skuli mnaijua.

2. Sauti ya kompyuta haifiki dawati la tatu. Azimeni spika ya mikutano ya wazazi, na muirudishe.

3. Hakikisheni kinachoonekana ndicho kinachosikika. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pananiuma hadi leo.

Nilikuwa na Form Three, Fizikia, mada ya mawimbi. Nikaleta filamu ya zamani ya Misri, mwimbaji mbele, wapiga fidla wamejipanga nyuma. Nikasimamisha picha kwa mbwembwe: "Tazameni kidole. Kikisogea kuelekea upinde, uzi unafupika, sauti inapanda." Nikabonyeza. Kidole kikasogea kuelekea upinde, sauti ikashuka. Nikarudisha nyuma. Ikashuka tena. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi nikawaambia kuwa fidla za Kiarabu zina utaratibu wake kwa sababu ya robo toni, yaani sauti zinazoingia kati ya noti mbili za piano zinazofuatana. Na wakaandika! Kijana wa dirishani, babake mpiga fidla wa klabu, akanyoosha mkono: "Mwalimu, yule hapigi. Anajifanya." Nikamwambia akae.

Babake alikuja baada ya siku chache, daftari la mwanawe mkononi. Hakupandisha sauti. Akasubiri walimu wenzangu wakae vizuri, akauliza, "Maalim, hii fidla inayokwenda kinyume, inauzwa duka gani? Nami nataka moja." Ofisi nzima ilicheka. Baadhi yao hawajamaliza.

Ndipo akanisomesha. Nyimbo za filamu, za Misri na za Bombay, kwa kawaida zilirekodiwa studio kwanza, kisha waigizaji wakafuatisha midomo na mikono mbele ya kamera. Robo toni zipo kweli, na fidla na udi zinaziweza kwa kuwa shingo zake hazina vigawanyo kama vya gitaa, lakini hazipindui Fizikia: ukiukata uzi nusu kwa kidole, mitetemo 220 kwa sekunde inakuwa 440, iwe Cairo au Kikwajuni. Kwa mada hii tafuteni onesho lililorekodiwa jukwaani moja kwa moja. Ile filamu yangu sikuitupa. Siku hizi nawapa wanafunzi waoneshe ni wapi mkono na sauti vinaachana, na kijana yule, kama angekuwepo, ningempa yeye rimoti.

4. Kiswahili: zimeni picha, wasikilize utaarabu peke yake na wahesabu mizani kwa vidole, kisha muwashe.

5. Historia. Mtamtaja Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, na lazima atatokea mmoja aulize, "Video yake iko wapi?" Msimcheke. Siti alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, na filamu ndefu ya kwanza yenye maongezi ilitoka Marekani mwaka 1927 tu. Kilichosafiri wakati ule ni santuri. Swali lenye faida ni kwa nini Bombay, wala si Unguja: hapo mtaingia kampuni za santuri, meli na biashara ya Bahari ya Hindi, na mwalimu wa Jiografia atakushukuruni, au atalalamika mmemmalizia kaskazi na kusi yake.

6. Baada ya filamu, mwiteni mpiga ala mwenyewe. Wapo mjini, wengi wanakubali ukiwaomba kwa heshima. Akiwa wa ganuni, ile ala bapa ya nyuzi nyingi, ombeni vipindi viwili mfululizo: nyuzi zake ni zaidi ya sabini, kila noti na nyuzi zake tatu, na zote lazima zilinganishwe kabla hajapiga hata kitu kimoja. Cha kwanza chote kitakwisha kwenye kulinganisha. Waacheni watoto watazame na hilo, na chai yake iwe tayari.