Diski inagonga, betri imechoka: nianze na kipi kwenye iPod ya mwaka 2005?

SWALI: Nina iPod ya kizazi cha tano, ile ya GB 30, niliyoachiwa na marehemu baba ikiwa na nyimbo zake zote. Siku hizi nikichagua wimbo inatoa mlio wa tik-tik-tik, kisha inaganda. Betri nayo haimalizi saa nzima. Nimeona kuna adapta ya kuweka memori kadi mahali pa diski, na betri za mAh 3000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Je, vyote viwili vitaingia? Nibadilishe kimoja kimoja au kwa pamoja? Sijawahi kufungua kifaa cha namna hii.

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu yangu. Kabla ya kugusa bisibisi, okoa kwanza nyimbo za mzee. Diski inayogonga inaweza kukata roho wakati wowote, na hata ikivumilia, iPod ikishawekewa kadi mpya itaanza ikiwa tupu kabisa.

Ichomeke kwenye kompyuta ili isitegemee betri. Bonyeza Menu pamoja na kitufe cha katikati mpaka nembo ya Apple itokee, kisha papo hapo hamia kitufe cha katikati pamoja na cha kucheza, uvishikilie. Itaingia katika hali ya diski, na kompyuta itaiona kama flashi ya kawaida. Ruhusu kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa, ufungue folda ya iPod_Control, na ndani yake Music. Utakuta vifolda vya F00, F01 na kuendelea, vimejaa mafaili yenye majina ya herufi nne yasiyoeleweka. Usishtuke. Jina la wimbo na la mwimbaji huwa limeandikwa ndani ya faili lenyewe, hivyo programu ya muziki itayasoma vizuri. Nakili folda yote ya Music. Kama diski inasitasita, nakili kifolda kimoja kimoja, uipumzishe, urudi tena.

Ukiwa hapo hapo, sikiliza. Betri dhaifu hushindwa kuizungusha mota ya diski, na mlio wake unafanana sana na wa diski mbovu. Ikigonga hata ikiwa kwenye umeme, basi diski ndiyo inayokwisha. Ikitulia, huenda betri peke yake ndiyo mgonjwa.

Kama vyote viwili vimechoka, badilisha siku moja. Ubao wa mbele wa iPod hii ni plastiki, kifuniko cha nyuma ni chuma, na vinashikana kwa meno madogo pembeni. Kila unapoifungua, meno yale yanalegea na waya bapa zinazounganisha pande mbili zinavutika. Hakuna sababu ya kuipitisha katika mateso hayo mara mbili.

Kuhusu betri ya mAh 3000: hiyo haikufai. Ya GB 30 ina unene wa milimita 11. Zile za GB 60 na 80 zina milimita 14, na betri kubwa zimekusudiwa mgongo huo mnene. Ni kweli adapta yenye kadi ni nyembamba kuliko diski, kwa hiyo nafasi inaongezeka, lakini si kiasi hicho. Ukilazimisha, betri itakandamiza kioo kwa nyuma na utaona madoa kwenye picha. Betri ya lithiamu iliyobanwa ni hatari pia. Ama nunua kifuniko kinene cha nyuma, ama weka betri ya ukubwa wa asili. Mimi ningechukua ya asili: kadi haina mota ya kuzungusha, kwa hiyo chaji itadumu kuliko zamani.

Sasa kufungua. Tumia kipande chembamba cha plastiki, anzia ubavuni, utembeze taratibu. Usipitishe chuma. Meno yakiachia, usitenganishe pande mbili kwa pupa. Fungua kama kitabu, kwa kadiri ya upana wa kidole tu, uchungulie pembeni: kuna utepe mwembamba wa betri unaoingia kwenye soketi ndogo ya kahawia. Hapo ndipo iPod nyingi hufia. Kile kibanio cha kahawia hakichomoki. Kinainuka milimita mbili hivi, basi, na utepe unatoka wenyewe. Nilipoanza kazi nilikivuta kama kizibo, kikang'oka pamoja na soketi, na bodi ya mteja ikaharibika. Mpaka leo nikifika hapo naweka chini kila kitu na kuvuta pumzi kwanza.

Utepe wa tundu la hedifoni umejificha chini ya diski. Inua diski, inua kibanio cheusi kwa ukucha, uutoe. Utepe wa diski nao ni hivyo hivyo. Uhamishie kwenye adapta ukiwa umenyooka, kisha ulaze kibanio. Ukiingia upande hata kidogo, iPod haitaiona kadi. Betri ya zamani imegandishwa kwa gundi kwenye chuma cha nyuma: ibandue kwa plastiki bila kuikunja wala kuitoboa. Ukiikuta imevimba, mpelekee fundi.

Usifunge kifuniko kwanza. Unganisha na kompyuta, fungua iTunes (kwenye Mac mpya ni Finder), bonyeza Restore ili mfumo wa iPod uandikwe kwenye kadi, na usubiri. Ikikubali, jaribu wimbo mmoja, ndipo ufunge.

Jambo la mwisho kabla hujalipia kadi. iPod yako ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya MB 32, wakati za GB 60 na 80 zina MB 64, na orodha ya nyimbo zote inapakiwa humo. Maktaba ikizidi nyimbo 20,000 hivi, itaanza kujizima na kujiwasha. Kwa hiyo hesabu nyimbo za mzee kwanza. Mkusanyiko uliokuwa ukienea kwenye GB 30 utakaa kwenye kadi ya GB 64 na nafasi ikabaki. Ipime kadi kwa programu ya kukagua ujazo kabla ya kuiweka ndani, kwa sababu za bandia zimezagaa, na huwa hazijionyeshi mpaka nyimbo zianze kukatika katikati.