Muulize Fundi: Tangi la petroli liko nyuma ya siti, nataka lishuke chini ya bodi

SWALI: Fundi shikamoo. Mi ni Mtanzania nipo Houston, Texas, nimepata pikapu Chevrolet C10 ya 1970, gari ya ndoto zangu kabisa, injini ya V8 ya inchi za ujazo 350 na kabureta. Shida yake tangi la mafuta liko ndani ya kebini nyuma ya siti, joto la huku likipanda harufu inajaa mpaka watoto wanalalamika kichwa, na mke wangu kagoma kupanda. Washkaji wananiambia nitoe hilo nifunge tangi la Blazer, gari jingine la Chevrolet, chini ya bodi la kupakia mizigo huko nyuma. Je naweza kufanya mwenyewe nyumbani? Na pampu nibadilishe? Naogopa kuharibu gari nzuri.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, hongera kwa gari, na shemeji mwambie hajakosea. Enzi hizo ilikuwa kawaida, pikapu za Chevrolet na Ford za miaka ya 60 nyingi tangi liko mgongoni kwa dereva, lita sabini na kitu za petroli ndani ya chumba kimoja na watu. Chevrolet walilitoa kwenye kebini kuanzia modeli ya 1973, ila wakaliweka ubavuni, nje ya reli za fremu, na hizo za 1973 hadi 1987 zikaja kuwa na kesi nyingi sana huko Marekani kwa sababu gari ikigongwa ubavu tangi ndo linapokea. Kwa hiyo mtu akikushauri tangi la kuning'inia pembeni ya fremu, kataa. Lako likae katikati ya reli mbili, nyuma ya difu, yaani ekseli ya nyuma.

La Blazer za 1973 mpaka 1991 linafaa, lile kubwa ni galoni 31, kama lita 117. Ila kabla hujatoa hela lala chini ya gari na futi kamba. Tairi la spea linaning'inia hapohapo unapotaka kuweka tangi, kwa hiyo litafute pa kwenda. Egzosti nayo angalia inapitia wapi, bomba likipita karibu na tangi lihamishe au weka bati la kukinga joto lenye nafasi ya hewa katikati, usilibandike kwenye tangi. Halafu C10 yako kama ni ya springi za koili kuna chuma kirefu cha kushikilia difu isiende kushoto na kulia, kipo nyuma ya difu, watu wengi wanakisahau. Gari ikiwa imesimama kwenye matairi yake pakia mzigo mpaka springi zibonyee, ndipo upime nafasi iliyobaki, maana kipimo cha gari ikiwa imening'inia hewani kitakudanganya.

Tangi lenyewe unalinyanyua na jeki, unalifunga na mikanda miwili ya chuma yenye mpira katikati ili bati lisisagane, Jumamosi moja imeisha. Kazi yenyewe iko kwenye mpira wa kujazia mafuta na bomba la pumzi, lile la kupitisha hewa ya tangi, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu hapa ndo nimeona watu wazima wanalia.

Kuna Peugeot 504 pikapu niliwahi kuifunga tangi, nikaridhika, mwenye gari akaenda sheli, bunduki ya pampu inakata kila lita mbili, tak, tak, foleni nyuma yake inapiga honi. Karudi amekasirika. Nikaingia chini na tochi, nikapitisha kiganja kwenye ule mpira kuanzia juu, katikati nikakuta umelegea umefanya tumbo dogo tu, ngumi yako ingekaa hapo. Petroli inatuama kwenye lile tumbo kama maji kwenye kona ya bomba la sinki, hewa ya ndani ya tangi haina pa kutokea, inasukuma mafuta yarudi juu na bunduki inajikata. Nikakata mpira nikaufupisha, nikainua mdomo wa kujazia kidogo, ikaisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo mpira uteremke moja kwa moja toka mdomoni mpaka kwenye tangi, pasiwe na mahali unapanda wala kulala. Na uwe mpira wa petroli, sio wa rejeta, wa rejeta utavimba na kuoza, tena petroli yenu huko ina ethanoli.

Mdomo wengine wanautoboa kwenye ubavu wa bodi, wengine kwenye sakafu ya bodi na kifuniko cha kulala. Mi napenda ubavuni, sakafuni ukipakia mchanga au mbao huwezi kujaza mafuta na uchafu unaingia.

Pumzi: bomba litoke sehemu ya juu kabisa ya tangi, lipande karibu na mdomo wa kujazia, liwe na vali ya kuzuia petroli isimwagike gari ikipinduka. Ukiziba pumzi gari itaenda vizuri kama saa moja halafu inaanza kukosa mafuta, ukifungua kifuniko unasikia fyuuu.

Pampu acha ileile ya kwenye injini, ina uwezo wa kuvuta toka nyuma kama mabomba hayaingizi hewa. Tumia bomba la chuma la inchi 3/8, mpira uwe kwenye viungo tu. Ukitaka ya umeme basi ifunge karibu na tangi na iwe chini, kabureta inataka presha ya psi 4 hadi 7 hivi, na lazima pawe na swichi ya kuizima pampu injini ikizimika, la sivyo ukipata ajali inaendelea kumwaga petroli barabarani.

Geji ya mafuta haitakusumbua, floti (kile kipimo kinachoelea ndani ya tangi) za GM, kampuni ya Chevrolet, za miaka hiyo ni omu 0 tupu na 90 tangi likijaa, ila ukichukua ya Ford mshale utakwenda kinyume. Waya wa floti ukiugusisha kwenye chuma cha gari mshale ushuke tupu, ukiuchomoa upande kupita F. Hakikisha tangi na mdomo vyote vina waya wa arthi.

Weka lita kumi kwanza, tandika kadibodi chini, lala uamke uangalie. Kavu? Jaza. Na tundu la zamani kwenye kebini lizibe kwa bati.

SWALI: Fundi, Land Rover yangu ya zamani hapa Mombasa tangi chini ya siti linavuja. Limekauka wiki mbili, naweza kulichomelea?

JIBU: Hapana kaka, usiwashe hata kiberiti. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, ule mvuke uliobaki kwenye kutu na kona ukichanganyika na hewa unalipuka, na wiki mbili hazijautoa. Wapo mafundi wanaosafisha kwa mvuke wa maji moto muda mrefu ndipo wachomelee, hao ndo uwapelekee. Kama bati limekuwa jepesi mpaka bisibisi inapenya, nunua jingine.