Picha ilikaa sandukuni mwaka mzima

Juzi mama mmoja wa Malindi kaniandikia: “Dada, binti yangu kidevu kimemtangulia, meno ya chini yanafunika ya juu. Nimtie waya lini?” Nilikuwa jetini Lamu nangoja boti ya Mokowe. Boti ikaondoka nami nimeinamia simu.

Mwanangu naye alikuwa vivyo hivyo, akiwa na miaka 11. Mavyaa wangu alishahukumu zamani: nilimfunga mbeleko shingo ikining’inia, ndiyo uso ukaenda upande wake. Nami nikaamini, nikajilaumu kimyakimya. Safari za Mombasa sizisimulii, watu wa visiwani mnazijua. Daktari wa kwanza alimpiga eksirei ya kichwa kutoka ubavuni, akatazama taya, akasema tungoje akue. Picha nikaitia sandukuni chini ya kanga.

Mwaka ukapita. Daktari wa pili, binti mdogo tu, akaiinua picha ile ile kwenye mwanga wa dirisha. Kidole chake hakikusimama tayani, kikashuka hadi shingoni. “Mama, hebu tazama hapa.” Pingili, yaani vifupa vya shingo, ya pili na ya tatu hazikuwa na mwanya kati yao, zimeshikana kama mawe ya matumbawe yaliyotiwa chokaa.

Ile ile! Mwaka mzima! Hadi leo nikikumbuka nafura.

Akanieleza kwamba uso na shingo huanza kuumbwa pamoja, mimba ikiwa changa mno. Watafiti wa Copenhagen walichapisha mwaka 2007 kuwa watu wazima waliotanguliwa na taya la chini, zaidi ya nusu yao walionekana na pingili zilizoungana. Wenye meno ya kawaida, kama 14 kwa 100. Hapo mbeleko yangu inaingia wapi? (Mavyaa nilimweleza. Alibadilisha mazungumzo.)

Lakini msikurupuke. Picha ya ubavuni hudanganya, mifupa hupandana ikaonekana imeungana. Sisi tulipiga nyingine, mtoto akiinama, kisha akiinua kichwa, ndipo ikathibitika. Tena pingili hizo hizo humwonyesha daktari mtoto amefikia wapi kukua: kwa mdogo ukingo wa chini umenyooka, akikua unabonyea. Kwa hiyo, mama wa Malindi, swali lako la “lini” huenda jibu lake liko shingoni mwa binti yako.

Wazazi, ulizeni! Kubebwa na koti jeupe mpaka lini? Mwambieni daktari: na shingo je? Picha ni yenu, mmeilipia, iwekeni mahali pa kuonekana. Na nasema tena, ulizeni.

Wangu waya anazo sasa. Shingo haimuumi, ila daktari alimkataza kupiga mbizi kwa kichwa. Jioni wenzake wakijirusha kutoka ukutani bandarini, yeye hushuka kwa miguu, wima, kaziba pua. Wamempa jina: Nanga.