Nikimkatalia mjomba ndio nimekosa adabu?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 22, nauza duka la mjomba wangu hapa Morogoro, yeye ndio kanilea na kunisomesha. Juzi kaleta katoni za maziwa ya unga ya watoto yaliyoisha muda, akanipa pamba na spiriti nifute tarehe chini ya makopo, nikagoma. Sasa hanisemeshi, na nyumbani wananiita mkaidi, eti mkubwa hapingwi. Je, nimemuasi?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Hujamuasi hata kidogo. Anayeasi ni yule asiyefungua duka, anachota mauzo, anajibu kwa dharau, au anaitikia "sawa mjomba" halafu akigeuka anafanya yake. Wewe duka unafungua, hesabu unampa, umekataa jambo moja tu tena umemwambia usoni. Hao wanaosema mkubwa hapingwi waulize kama wangemkorogea mjukuu wao hayo maziwa.

Na usidanganyike kwamba dhambi ni ya aliyekutuma. Mwaka 1961 Stanley Milgram wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, alianza kuwaagiza watu wampige mwenzao shoti ya umeme kila akikosea jibu (shoti zilikuwa za uongo ila wao hawakujua), basi kati ya watu 40, 26 walifika mpaka volti 450, wengine wanatetemeka na jasho linawatoka, kisa tu bwana mwenye koti la maabara kasema endelea. Walikuwa watu wa kawaida kabisa kama sisi. Ila alipowachanganya na wawili waliopangwa wagome katikati, waliofika mwisho walikuwa 4 tu kati ya 40.

Kwa hiyo usibaki peke yako na hili jambo, anza na mama yako maana huyo ni ndugu yake wa damu na anaweza kumwambia maneno ambayo wewe huwezi, halafu muende wote jioni mkishafunga, umsalimie kama siku zote, umwambie mjomba nitakufanyia kazi yoyote ila hii hapana. Mkumbushe pia TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ndio wanasimamia usalama wa chakula tangu 2019, wakiyakuta hayo makopo duka linaweza kufungwa na hasara itazidi bei ya hizo katoni. Na usisubiri mpatane, leo hii yatoe shelfuni.