Maswali ya Wasomaji: Mbwa Mzee Ambaye Hakuna Anayemtaka

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu na ninaishi peke yangu tangu mume wangu alipofariki. Katika kituo kimoja cha kuokoa wanyama jijini Nairobi nilimwona mbwa wa jamii ya German Shepherd, mwenye umri wa miaka 10 hivi, ambaye wenyewe walihama nchi wakamwacha. Wahudumu waliniambia kwamba kila anayekuja kumtaka hughairi, kwa kuwa mbwa huyo hunguruma anapoguswa kiunoni. Watoto wangu wanasema ninajitafutia gharama na msiba. Je, nimchukue? — *Mama K., Limuru*

JIBU: Mwalimu, watoto wako wamesema kweli kuhusu gharama. Mbwa wa jamii hiyo huanza kuhesabiwa kuwa mzee afikapo miaka 7 au 8, na wachache tu huvuka 13, kwa hiyo unayemfikiria amebakiwa na muda mfupi, na muda huo utakuwa wa kumwona daktari wa mifugo mara kwa mara. Ikiwa pensheni yako haiwezi kuubeba mzigo huo, ni heri ukatae sasa kuliko kumrudisha kituoni baada ya miezi miwili, maana mbwa aliyeachwa mara mbili huwa mgumu zaidi kupata makao.

Walipokosea wale walioghairi ni kudhani kwamba kunguruma kule ni ukali. Jamii hii inajulikana kwa ubovu wa nyonga, na mbwa mzee anayestahimili kuguswa kichwani, shingoni na miguuni lakini akanguruma kiunoni anaeleza mahali panapomuuma kwa njia pekee aliyo nayo. Mimi hushikilia kanuni hii: tabia yoyote mbaya ya mbwa mzee ichukuliwe kuwa ni maumivu mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Kabla ya kutia sahihi karatasi yoyote, omba apigwe picha ya eksirei ya nyonga na apimwe damu ili hali ya figo na ini ijulikane, kwa sababu dawa za kupunguza uvimbe na maumivu ya viungo, ambazo huenda akazitumia hadi mwisho wa maisha yake, hazifai kupewa mbwa ambaye figo zake zimechoka. Kisha omba atibiwe kwa wiki mbili au tatu, nawe uende kumtembelea. Akianza kukubali kuguswa, umepata jibu lako. Akiendelea kunguruma hata baada ya maumivu kutulizwa, basi nisingemshauri mtu anayeishi peke yake akae na mbwa mwenye kilo 30 na zaidi asiyeaminika, hata kama moyo unamwambia vingine.

Nyumbani, adui wako mkubwa ni baridi ya Limuru pamoja na sakafu. Saruji hunyonya joto la mwili na vigae huteleza, na mbwa mwenye nyonga mbovu akiteleza mara moja hupoteza ujasiri wa kutembea kwa siku kadhaa. Mtandikie godoro nene mbali na mlango, weka mikeka anapopita, na umtembeze mara mbili kwa siku, mwendo mfupi usio na milima. Usimnenepeshe kwa huruma, kwa kuwa kila kilo ya ziada inabebwa na nyonga zilezile. Zaidi ya yote, usimpe kamwe vidonge vyako vya maumivu. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake, na parasetamoli, ambayo sisi huiona kama peremende, inaweza kumdhuru ini.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili kabla ya kumkabidhi jembe, lakini mbwa mzee mpe angalau wiki tatu. Siku za kwanza huenda akakataa chakula, akakojoa ndani au akajificha. Ikiwa baada ya miezi ataanza kuzunguka usiku, kubweka ukutani na kusahau mlango ulipo, majirani watakwambia ameona jini. Mpeleke kwa daktari, kwa maana akili ya mbwa nayo huchakaa kwa uzee, na zipo njia za kumtuliza. Akinywa maji kupita kiasi, usingoje kabisa. Hakikisha pia unapewa kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na uandikiane mapema na mmoja wa watoto wako kuhusu nani atamchukua ikiwa wewe ndiwe utakayetangulia kuugua.

SWALI: Jirani yetu alifariki, na mbwa wake mzee, ambaye ni kipofu, amebaki uani kwetu. Mimi namwonea huruma, lakini mume wangu anasema dini hairuhusu. Tufanyeje? — *Bi. Z., Tanga*

JIBU: Bi. Z., hukumu ya dini mumuulize shehe wenu, si safu hii. Ninachoweza kusema ni kwamba katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, na Hadithi inamtaja mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kwa hiyo banda la uani, lenye kivuli na vyombo vyake peke yake, huenda likamridhisha mumeo bila kumtupa mnyama.

Upofu wenyewe usiwatishe, kwa sababu mbwa huongozwa zaidi na pua na masikio. Msihamishe bakuli wala banda, zibeni shimo na mtaro wowote ulio wazi, na watoto wafundishwe kumwita kabla ya kumgusa, kwa kuwa kipofu anayeshtuliwa usingizini anaweza kuuma bila kukusudia. Akiuma, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyohiyo hata kama amechanjwa. Na kama hamjui alichanjwa lini, anzeni na hilo wiki hii.